Kiangazi chao, kipupwe chetu: ninunue kitabu gani kipya likizo hii?

SWALI: Asalaam aleikum, mzee wetu wa maktaba. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Kisauni. Binamu yangu aliye Uingereza amenitumia orodha ndefu ya vitabu vipya vya kusoma kiangazi, vyote si riwaya, ni vya mambo ya kweli. Likizo ya Agosti ndiyo hiyo imefika, na nimetenga shilingi 5,000. Nyumbani tuko watatu: mimi, mume wangu anayefanya kazi bandarini, na kijana wetu wa miaka 16 ambaye hatoki kwenye simu. Nianze na kipi? Na nitajuaje kitabu kipya ni kizuri kabla sijakilipia?

JIBU: Wa aleikum salaam, Mwalimu. Hebu kwanza tulitazame hilo neno kiangazi. Orodha ya binamu yako imetungwa kwa watu ambao Juni hadi Agosti ndiyo miezi yao ya jua. Wanafunga ofisi, wanakwenda kujilaza mchangani na kitabu kifuani. Sisi Agosti ni kipupwe. Kusi inavuma, bahari imechafuka, na mwani umerundikana Nyali na Bamburi hata pa kutandika leso hapaonekani. Kiangazi chetu kiko upande wa pili wa mwaka, kaskazi inapovuma, Disemba hadi Machi, na miezi hiyo mtu wa Mombasa hulikimbia jua. Kwa hiyo orodha hiyo, kabla hujafika jina la kwanza, imeshakwambia kwamba walioitunga hawakuwa wakikufikiria wewe.

Sisemi uitupe. Mimi nimefanya kazi ya ukutubi zaidi ya miaka thelathini na orodha za namna hii nimezifuata kila mwaka, nyingine kwa hamu, nyingine kwa hasira. Lakini ukijua zinavyopikwa utazila kwa kiasi. Vitabu vipya Uingereza hutoka siku ya Alhamisi, Marekani Jumanne. Miezi kadhaa kabla ya siku hiyo mchapishaji huwa ameshawapelekea wahakiki na wenye magazeti nakala za mwanzo, ili sifa ziwe tayari kitabu kikiingia dukani. Maana yake ni kwamba anayekusifia kitabu mwezi wa Juni mara nyingi amekisoma kabla hajatokea mtu yeyote wa kukipinga. Riwaya haiumii kwa hilo. Kitabu cha mambo ya kweli kinaumia, kwa sababu ukweli wake unangoja watu wanaoujua wausome.

Na hapa ndipo kuchelewa kwetu kunapogeuka kuwa bahati. Kitabu kipya cha Uingereza kwa kawaida hutoka na jalada gumu, ghali, kisha baada ya mwaka mmoja hivi kinatoka tena na jalada jepesi kwa bei ya chini. Kuna na njia ya tatu ambayo wanunuzi wengi hawaijui: wachapishaji wa Uingereza huchapa toleo la jalada jepesi, umbo kubwa, kwa ajili ya kuuzwa nje na kwenye viwanja vya ndege, wakati kwao bado wanauza jalada gumu. Hilo ndilo unaloliona kwenye maduka yetu. Ongeza usafiri, ongeza na kodi ya VAT ya asilimia 16 ambayo vitabu vimebebeshwa Kenya tangu sheria ya mwaka 2013, ndipo utaelewa kwa nini kitabu kimoja chaweza kumeza zaidi ya nusu ya hizo elfu tano zako. Basi kwetu kitabu kipya ni cha mwaka mmoja au miwili nyuma. Zamani jambo hili lilinikera sana. Siku hizi naona kitabu kinatufikia kikiwa kimeshapigwa na mawimbi, na kilichokuwa kimeoza kimeshatoa harufu.

Nikupe mfano. Mei 2025 kilitoka kitabu cha Karen Hao, Empire of AI. Bibi huyu ni mwandishi wa habari aliyesomea uhandisi, na kitabu chake kinahusu kampuni iliyotengeneza ChatGPT na watu wanaolipia gharama zake bila kuonekana. Miongoni mwao ni Wakenya, vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma maandishi ya ukatili na uchafu kutwa kucha ili mashine ifunzwe kuyatambua, kwa malipo yasiyofika dola 2 kwa saa. Kitabu kilisifiwa, na kwa haki. Miezi kadhaa baadaye msomaji mmoja akazipiga upya hesabu za maji ya kupozea mashine katika mradi mmoja wa kituo cha kompyuta nchini Chile, akaona haziingiani: lita zilikuwa zimechanganywa na mita za ujazo, na hesabu ikavimba mno. Mwandishi akakubali kosa. Aliyekinunua siku ya kwanza alimeza hesabu ile akaenda zake. Wewe unayekinunua leo unaijua, na bado sura zake za Nairobi zimesimama imara. Mimi kosa likikubaliwa hadharani, imani yangu kwa mwandishi hupanda.

Sasa swali lako la pili, la kujua uzuri kabla ya kulipa. Mwalimu, wewe ukienda kununua samaki hutazami mizani kwanza. Unamtazama macho, unafunua mashavu uone kama bado mekundu. Kitabu cha mambo ya kweli nacho kina mashavu, na yako nyuma: faharasa, ile orodha ya majina na mada na kurasa zake, na tanbihi, yale maelezo ya habari zilikotolewa. Kisichokuwa navyo mimi hukitilia shaka kama samaki anayeuzwa amekatwa kichwa. (Nawasamehe wanaoandika kumbukumbu za maisha yao wenyewe, hao shahidi wao ni nafsi zao.) Ukishafika kwenye faharasa, usitafute mada ya kitabu. Tafuta kitu unachokijua kwa macho yako. Tafuta Mombasa. Tafuta Zanzibar, Waswahili, majahazi, shule, chochote ambacho mwandishi hawezi kukudanganya. Nenda ukurasa huo, usome aya tatu. Akiwa amekosea pale unapopajua, utamwaminije pale usipopajua? Na kama hujaiona pwani yetu kabisa ndani ya kitabu kinachojiita historia ya dunia, hilo nalo ni jibu.

Nimekitumia kipimo hiki kwa miaka, na kimeniokolea pesa nyingi kuliko wahakiki wote wa London.

Nikijaribu orodha ya namna uliyotumiwa kwa kipimo hicho, kitabu kinachonipa raha zaidi ni The Golden Road cha mwanahistoria William Dalrymple, cha mwaka 2024. Hoja yake ni kwamba tumezoeshwa kuitukuza Njia ya Hariri, ile ya ngamia na majangwa, jina lililoenezwa na Mjerumani Ferdinand von Richthofen mwaka 1877, ilhali biashara kubwa ya zama za kale ilipita baharini, ikisukumwa na pepo, na kitovu chake kikiwa India. Sasa wewe fikiria mume wako anayeshinda bandarini akisoma habari hizo. Mtu wa bara huenda akahitaji ramani na maelezo marefu aelewe kwa nini chombo kiende miezi hii na kirudi miezi ile. Sisi tunavyo vyote viwili katika lugha. Neno letu msimu limetoka kwenye Kiarabu mawsim, na neno hilohilo Wareno walilichukua, likapita mikononi mwa watu hadi Waingereza wakawa nalo kama monsoon. Yaani profesa wa Uingereza akizungumza juu ya pepo hizi, anatumia neno ambalo bibi yako alilitumia kukwambia ni wakati wa maembe.

Kuna na safari ya tarakimu, ambayo mimi naiona ndiyo sehemu tamu zaidi. Dalrymple anafuata sifuri na hesabu za Kihindi, kazi za watu kama Brahmagupta wa karne ya 7, zilivyofika Baghdad kwa mwanahisabati al-Khwarizmi, kisha zikaingia Ulaya ambako ziliitwa tarakimu za Kiarabu. Waarabu wenyewe, za kwao huziita za Kihindi. Nasi mpaka leo tukihesabu pesa kubwa tunasema laki, na hatukumbuki kwamba neno hilo lilivuka maji. Kijana wako akiwa hapendi hisabati, msomee kurasa hizo kwa sauti.

Lakini kipimo ni kipimo. Tafuta pwani yetu. Ule mwongozo wa mabaharia wa Kiyunani wa karne ya 1, unaoitwa Periplus, unaitaja Azania, ndiyo pwani hii, na soko lake la mwisho Rhapta, ambalo mpaka leo wataalamu wanabishana lilikuwa wapi. Dalrymple macho yake yako zaidi Bahari ya Shamu upande mmoja na Asia ya Kusini-Mashariki upande wa pili. Chombo chake kinapita mlangoni kwetu hakibishi hodi vya kutosha. Mume wako akifika mwisho atauliza, “Na sisi je?” Mwambie swali hilo akaliulize Fort Jesus, kwenye vyombo vya udongo na kaure vilivyofukuliwa pwani hii. Nauli ya matatu ni ndogo kuliko bei ya kitabu cha pili.

Kingine kinachostahili pesa ni cha Mahmood Mamdani, Slow Poison, cha 2025, kuhusu Idi Amin na Yoweri Museveni. Mamdani alizaliwa Mumbai mwaka 1946, akakulia Kampala, na mwaka 1972 alikuwa mmoja wa Waasia waliofukuzwa na Amin. Vijana watamjua zaidi kama baba wa Zohran Mamdani, aliyechaguliwa meya wa New York mwaka 2025. Hoja ya mzee huyu inachoma: kwamba Museveni, aliyepokelewa na dunia kama mkombozi, ameigawa Uganda vipande vipande vya makabila, namna ya utawala wa kikoloni uliorudi kwa mlango wa nyuma, na kwamba sumu hiyo ya polepole haitazamwi kwa jicho kali kama alivyotazamwa Amin. Unaweza kukataa. Mimi kuna sehemu nimezikataa, khasa pale ninapohisi aliyefukuzwa anamwonea Amin huruma kuliko nilivyotarajia. Ila ni kitabu cha mtu aliyekuwapo, na anayejua kubishana.

Na kina mlango wake wa Mombasa. Baadhi ya wale waliofukuzwa waliletwa kwa treni kutoka Uganda mpaka hapa, wakapanda meli za kwenda India. Wapo wazee wa reli na wa bandari wanaozikumbuka siku hizo, na wanapungua. Kama mume wako ana mzee wa kazini aliyestaafu, kitabu hiki ni kisingizio kizuri cha kwenda kunywa naye kahawa chungu barazani. Usianze kwa kumuuliza habari za Amin. Muulize mizigo ilikuwaje.

Kijana sasa. Najua orodha yako itakuwa na The Anxious Generation cha Jonathan Haidt, cha Machi 2024, maana orodha zote zinacho. Usikinunue. Nitakupa kiini chake hapa bure: anasema kati ya 2010 na 2015 watoto walihamishwa kutoka utoto wa michezo kuingia utoto wa simu, na ndipo wasiwasi na huzuni vikapanda. Anataka mambo manne: mtoto asipewe simu janja kabla ya kuingia sekondari, asiingie mitandao ya kijamii kabla ya miaka 16, shule zisiwe na simu, na watoto waachiwe wacheze wenyewe bila kuchungwa. Mwanasaikolojia Candice Odgers alimjibu katika jarida la Nature kwamba ushahidi wake unaonyesha mambo mawili yanayotembea pamoja, hauonyeshi kwamba moja limelizaa jingine. Wewe ni mwalimu, una jambo la kuwaongezea wote wawili: shule zetu nyingi za sekondari zimekataza simu miaka mingi, na watoto wetu wa bweni hukaa muhula mzima bila kuigusa. Je, wasiwasi umekwisha? Takwimu zake nyingi ni za Marekani na nchi tajiri zinazofanana nayo. Ni kitabu cha kuazima, ukisome sura mbili, ukirudishe. Zaidi ya hapo, kumpa kijana wa miaka 16 kitabu kinachomsema yeye ni sawa na kumwalika mgeni aje amkaripie ndani ya nyumba yake.

Kwa kijana nunua Everything Is Tuberculosis cha John Green, cha Machi 2025. Mwandishi huyu vijana wanamjua kwa riwaya zake, kwa hiyo jina haliogopeshi, na kitabu ni chembamba, kurasa mia mbili hivi. Ni habari za kifua kikuu, na katikati yake yumo kijana mmoja wa Sierra Leone, Henry, ambaye Green alikutana naye hospitalini Lakka mwaka 2019. Tangu Robert Koch alipotangaza tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekiona kijidudu chenyewe, na tangu dawa zilipopatikana miaka ya 1940, ugonjwa huu ungepaswa kuwa hadithi ya kale. Bado unaua zaidi ya watu milioni 1 kila mwaka, na Kenya imo katika nchi ambazo Shirika la Afya Duniani huzihesabu kuwa zimeelemewa nao. Green anauliza kwa nini, na anakwepa jibu rahisi la kulilaumu bakteria. Kijana wa Kisauni atakisoma akijua jirani aliyekohoa miezi, akajificha asisemwe vibaya. Hapo kipimo changu cha kusoma unachokijua kinafanya kazi bila hata kufungua faharasa.

Ila usimkabidhi kama dozi. Usiseme “weka simu, shika hiki.” Kisome wewe kwanza kwa siku mbili, ukiache mezani, kisha kwenye chakula msimulie mumeo kisa cha Henry nusu, uishie palipo patamu.

Nina uchungu mmoja, uniwie radhi. Vyote nilivyokutajia ni vya Kiingereza. Katika Kiswahili riwaya zinatoka, mashairi yanatoka, vitabu vya mitihani vinafurika. Kitabu kipya cha Kiswahili kinachomweleza mtu mzima historia, uchumi, bahari au ugonjwa, kwa nathari ya mtu anayejua kuandika, utakitafuta na taa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 28, 2025, alipigania jambo hili zaidi ya nusu ya maisha yake, na kitabu chake cha mwaka huohuo juu ya kuikomboa lugha nacho tumekipokea kwa Kiingereza. Sijui nicheke au nilie.

Na si kwamba hatukuwa na mwanzo. Hapa hapa Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa akitoa gazeti dogo, Sahifa, la Kiswahili, lenye makala fupi kali juu ya elimu, uvivu, matumizi ya pesa, kuiga watu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Makala hayo yalikusanywa mwaka 1944 katika kitabu kiitwacho Uwongozi, na mwaka 2017 yakatolewa upya Kiswahili na Kiingereza pamoja. Baba wa Profesa Ali Mazrui, huyo. Utakapoyasoma utaudhika mahali, utacheka mahali, na utashangaa kuona malalamiko juu ya vijana wa mjini yaliyoandikwa kabla simu haijafikiriwa kuingia mfukoni. Hilo toleo jipya bei yake ni ya Ulaya, usijisumbue. Ulizia maktabani au kwa wauza vitabu vya mitumba, na ukibahatika ukapata nakala ya zamani, usibishane bei sana.

Neno moja la nyumbani, kwa kuwa nimeona vitabu vingi vikifa mji huu. Majalada mepesi hushikwa na gundi ya kuyeyushwa kwa moto, na gundi hiyo hulegea. Usikiache kitabu ndani ya gari lililoegeshwa juani, wala usikikunje mgongo ukiwa ufukweni. Kurasa zitaanza kutoka moja moja kabla hujafika katikati. Unyevu wetu nao hula kimyakimya. Usikifunge kitabu kwenye mfuko wa plastiki ukidhani unakilinda, kitaota kuvu. Kisimamishe kwenye rafu iliyo mbali kidogo na ukuta, upepo upite nyuma. Bibi yangu alikuwa akitia majani makavu ya mwarobaini katikati ya vitabu vyake, na mimi nafanya hivyo hivyo mpaka leo.

Kwa hiyo ningekuwa mimi na hizo elfu tano: cha Green kwanza, kipya, kwa kijana. Cha Dalrymple cha pili, na hapo tafuta nakala ya mitumba au ya jalada jepesi, mkisome wewe na mumeo kwa zamu. Yeye aanze, maana ukianza wewe hatakipata. Cha Hao mwombe binamu yako akuletee akija, yeye ndiye aliyeanzisha maneno haya. Cha Mamdani kingoje. Orodha yenyewe ibandike nyuma ya mlango wa kabati mpaka shule zifungwe mwisho wa mwaka, kaskazi ianze, sisi ndio tuwe kiangazini. Wakati huo vingi vitakuwa vimeshatoka na jalada jepesi, na nusu ya wahakiki waliovisifu watakuwa wameshavisahau. Vilivyobaki midomoni mwa watu, hivyo niandikie tena tuvitazame mashavu.